Sura ya Sita: Dawa Iingiayo kwa Kinywa

Miongoni mwa watu wetu, wa pwani na wa bara, imeenea itikadi kwamba dawa ya kweli ni ile iingiayo mwilini kwa ncha ya sindano, na kwamba kidonge ni tiba ya maradhi madogo, ya kichwa na mafua. Mgonjwa atokaye zahanati na vidonge mkononi bila ya kudungwa aghalabu hurejea kwake na unyonge wa mtu aliyepunjwa haki yake, na jamaa zake humwuliza kwa mshangao, "Hukupigwa hata sindano moja?" Wala itikadi hii si ya watu wasiosoma peke yao, kwa kuwa matabibu waliobobea katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani waliishikilia kwa miaka zaidi ya sabini, kwa maneno yaliyo nadhifu zaidi lakini kwa maana ile ile, wakisema kwamba usaha wa mfupani na uambukizo wa vali za moyo hautibiki ila kwa dawa ipitishwayo mshipani kwa majuma mengi, na tabibu aliyethubutu kufanya vinginevyo alihesabiwa kuwa mzembe. Itikadi hiyo ilikanushwa mara mbili: mara ya kwanza mwaka 1948 huko Kuala Lumpur, na somo likasahauliwa, mara ya pili katika zama zetu hizi.

Heshima ya sindano ilianza na penisilini. Mwezi Februari 1941, katika mji wa Oxford nchini Uingereza, askari polisi mmoja aitwaye Albert Alexander, ambaye usaha ulikuwa umemwenea usoni na kichwani hata ukashuka mapafuni, na ambaye jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuondolewa, alitiwa dawa hiyo mshipani na wanazuoni walioongozwa na Howard Florey. Kwa siku chache homa ilishuka, hamu ya chakula ikarudi, na uso ukaanza kupoa. Lakini dawa iliyokuwapo duniani ilikuwa haba hata ikawalazimu kuukusanya mkojo wake, kuitoa humo penisilini iliyopita mwilini bila ya kutumika, na kumrudishia tena. Ikaisha hivyo hivyo, maradhi yakarejea, naye akafa tarehe 15 Machi.

Dawa ile ilipitishwa mshipani kwa sababu moja nyepesi: tindikali ya tumbo huivunja penisilini ya asili kabla haijafika kwenye utumbo, mahali ambapo dawa hufyonzwa na kuingia katika damu. Hii ilikuwa kasoro ya dawa moja, nayo ikageuzwa kuwa kanuni ya dawa zote. Lau dawa ya kwanza mashuhuri ya jamii hii ya viuavijasumu ingalikuwa miongoni mwa zile zisizodhuriwa na tumbo, yumkini sindano isingalipata ufalme iliopata, na wagonjwa wengi wasingalifungwa vitandani kwa mpira wa dripu. Na kasoro yenyewe haikudumu. Kwa maana huko Kundl, katika nchi ya Austria, kwenye kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1946 ndani ya majengo ya kiwanda cha bia kilichokuwa kimefungwa, Ernst Brandl na Hans Margreiter walipata, mwanzoni mwa miaka ya 1950, penisilini isiyovunjwa na tindikali, ile iitwayo penisilini V. Lakini mazoea yalikuwa yamekwisha kuota mizizi, na mazoea ya matabibu hayang'oki upesi kuliko ya watu wengine.

Sasa na tuje Kuala Lumpur, ambako kisa chenyewe kina utamu.

Kabla ya mwaka 1948 homa ya matumbo ilikuwa maradhi ya kungoja. Mgonjwa alipanda homa daraja kwa daraja katika juma la kwanza. Katika la pili alilala akiweweseka, macho wazi, haoni wala hasikii. Na katika la tatu, hapo ambapo vidonda vya utumbo mdogo vilikuwa vimekwisha kuchimbika, ama alivuja damu ndani kwa ndani, ama utumbo ulitoboka na uchafu ukamwagika tumboni, ama, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, homa ilianza kushuka polepole katika juma la nne. Kati ya wagonjwa mia moja, kumi au kumi na watano, na pengine zaidi, walizikwa. Kazi ya tabibu ilikuwa kuagiza maji, uji mwepesi na mchuzi, kuamuru mgonjwa apanguswe kwa kitambaa cha maji baridi, na kutoa matumaini kwa jamaa; sindano hazikuwa na la kumfaa. Penisilini, pamoja na sifa zake zote, haikumfaa mgonjwa huyo. Streptomaisini, dawa nyingine ya sindano iliyokuwa imepatikana mwaka 1943, iliviua vijidudu vya homa ya matumbo ndani ya chupa ya maabara vizuri kabisa, lakini ilipotiwa katika mwili wa mgonjwa ilishindwa.

Dawa iliyoleta faraja ilitoka katika udongo. Mwanazuoni wa chuo kikuu cha Yale, Paul Burkholder, aliyekuwa akikusanya udongo wa nchi mbalimbali ili kutafuta vijidudu vinavyotoa sumu ya kuwaua wenzao, alikipata katika udongo uliochotwa karibu na Caracas, mji mkuu wa Venezuela, kijidudu kimoja ambacho baadaye kilipewa jina la nchi hiyo; na mwaka 1947 wanakemia wa kampuni ya Parke-Davis, ya mji wa Detroit, wakatoa ndani yake dawa iliyoitwa kloramfenikoli. Mambo mawili yaliipambanua dawa hii. La kwanza, umbo lake la kikemia lilikuwa dogo na sahili, hata ikawezekana mwaka 1949 Mildred Rebstock na wenzake kuitengeneza kwa kemikali tupu, pasipo kijidudu wala udongo. Na hivyo ikawa dawa ya kwanza ya jamii yake kuundwa yote na mikono ya binadamu kwa kiasi cha kuuzwa, nayo ikawa rahisi kwa bei. La pili ndilo muradi wetu: ilimezwa. Tumbo halikuidhuru, utumbo uliipokea karibu yote, na damu ikaisambaza hata mahali ambapo dawa nyingi hazifiki.

Mwaka 1948 Joseph Smadel, tabibu wa maabara ya jeshi la Marekani mjini Washington, na Theodore Woodward, aliyekuwa tabibu wa Baltimore, walisafiri pamoja na wenzao mpaka Malaya, wakapokewa na Raymond Lewthwaite katika Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kuala Lumpur, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1900. Hawakwenda kwa ajili ya homa ya matumbo. Walikwenda kuijaribu dawa mpya juu ya homa ya vichakani inayoenezwa na watoto wa utitiri, ambayo iliwatesa wafanyakazi wa mashamba na iliyowaua askari wengi katika misitu ya Asia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wagonjwa walimeza, homa zikashuka, na furaha ikawa kubwa. Lakini katika kuchunguza damu ikabainika kwamba miongoni mwa waliomezeshwa dawa walikuwamo wasio na homa ya vichakani hata chembe. Maradhi yao yalikuwa homa ya matumbo, nao pia walikuwa wakipona.

Wanazuoni wale hawakuipuuza bahati hiyo. Waliacha kila kitu wakawatafuta wagonjwa wa homa ya matumbo kwa kusudi, wakawapa dawa wagonjwa kumi, na homa za watu hao zikatoweka, kwa wastani, katika muda wa siku tatu na nusu hivi tangu kuanza kumeza. Wagonjwa kumi! Leo idadi hiyo isingetosha hata kuombea ruhusa ya kuanza utafiti. Lakini pale ambapo maradhi ya majuma manne yamekatika kwa siku nne, hesabu kubwa si lazima ili mtu aamini macho yake, na taarifa yao iliyochapishwa mwaka ule ule ilibadilisha matibabu ya homa ya matumbo ulimwenguni kote.

Msomaji huenda akauliza ni kwa nini dawa ya kumeza ifaulu mahali ambapo dawa ya mshipani imeshindwa. Jawabu liko katika makao ya adui. Kijidudu cha homa ya matumbo hakikai katika damu ila kwa kupita. Makazi yake ni ndani ya chembe za ulinzi zenyewe, zile zimezazo vijidudu, katika ini, wengu, uboho wa mifupa na tezi za utumbo, kama mwizi aliyejificha katika nyumba ya kadhi. Streptomaisini, hata ijae katika damu, haiingii vizuri ndani ya chembe hizo, kloramfenikoli huingia. Kwa hiyo lililoamua shauri si njia ambayo dawa iliingilia mwilini. Ni iwapo dawa ilifika, kwa kiasi cha kutosha, hapo penye maradhi. Na la ajabu zaidi likaja kujulikana baadaye: kloramfenikoli ya kutiwa mshipani, ambayo hutengenezwa katika hali maalumu ili iyeyuke katika maji, sharti kwanza ibadilishwe na mwili ndipo iwe dawa, na sehemu yake isiyo ndogo hutoka kwa mkojo kabla ya kubadilika, hata ikawa kipimo kile kile kikimezwa huacha dawa nyingi zaidi katika damu kuliko kikidungwa. Natamani habari hii ingaliandikwa kwa hati kubwa katika ukumbi wa kila zahanati.

Isidhaniwe kwamba kloramfenikoli ilikuwa tunu isiyo na miiba. Mgonjwa aliyeona homa imekatika siku ya nne, akaacha kumeza, alirudiwa na maradhi; kwani vijidudu vilivyosalia uvunguni mwa chembe vilijitokeza upya, na majuma mawili kamili yalihitajiwa. Vidonda vya utumbo navyo havikupona kwa haraka ya homa, na mgonjwa aliyeonekana mzima aliweza bado kutoboka. Fauka ya hayo, katika mtu mmoja kati ya maelfu mengi, dawa hiyo iliukausha uboho wa mifupa hata damu isitengenezwe tena, na aliyepatwa na hilo kwa kawaida hakupona. Balaa hilo lilidhihirika katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakati ambapo Wamarekani walikuwa wakiimeza dawa kwa mafua na kikohozi, yaani kwa maradhi ambayo haikuyafaa hata kidogo. Kufa kwa dawa iliyokuokoa na homa ya matumbo ni ajali. Kufa kwa dawa uliyopewa kwa mafua ni dhuluma.

Kisha vijidudu vikajifunza. Mwaka 1972 maradhi ya homa ya matumbo yalienea Mexico yakiwa hayasikii tena kloramfenikoli, na Asia nayo ikapatwa. Ikaja siprofloksasini katika miaka ya 1980, nayo ya kumeza, nayo huingia ndani ya chembe. Ikatawala, na hatimaye ikaanza kuasiwa vile vile.

Ajabu ni kwamba katika muda huu wote, ambapo vidonge viliponya maradhi ya damu yaliyoua mtu mmoja kati ya kila kumi, matabibu wa mifupa na wa moyo hawakushawishika. Mtu mwenye usaha katika mfupa wa paja alilazwa, au alitobolewa mshipa mkubwa na kuachiwa mpira humo kwa majuma sita. Na mpira wenyewe, ukiwa mlango wazi kati ya ngozi na damu, ulileta vijidudu vingine na kugandisha damu mishipani. Ilhali zilikuwapo dawa, kama linezolidi na levofloksasini, ambazo hufyonzwa karibu zote zikimezwa, hata damu isitambue zimepita wapi. Mwaka 2019 wanazuoni wa Uingereza, wakiongozwa kutoka Oxford ile ile ya Alexander, walitangaza matokeo ya wagonjwa 1,054 wenye maambukizo ya mifupa na viungo, katika hospitali 26, ambao nusu yao walipata dawa ya mshipani na nusu ya kumeza katika majuma sita ya kwanza ya matibabu: baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 14.6 ya waliotiwa mshipani na asilimia 13.2 ya waliomeza. Huko Denmark nako, wagonjwa 400 wenye uambukizo wa vali za upande wa kushoto wa moyo, ambao ni maradhi ya hatari kuliko hayo, walianza wote kwa mshipa kwa siku kumi au zaidi. Kisha, walipokuwa wametulia, nusu wakahamishiwa kwenye vidonge, daima dawa mbili za jamii tofauti kwa pamoja. Mabaya yaliyohesabiwa, yaani vifo, upasuaji wa dharura, kuziba kwa mishipa na kurudi kwa vijidudu katika damu, yaliwapata asilimia 12.1 ya waliobaki na sindano, na asilimia 9 ya waliomeza.

Lakini ushahidi unaotuhusu sisi kwa karibu zaidi haukutoka Oxford wala Denmark. Ulitoka katika vijiji na vitongoji vya magharibi mwa Kenya, vya jimbo la Equateur katika Congo, na vya Nigeria, ambako mtoto mchanga anayehema mbio huandikiwa apelekwe hospitali kubwa, na wazazi wake, kwa sababu za nauli, umbali na watoto wengine waliobaki nyumbani, hawaendi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwachukua watoto wa chini ya miezi miwili 2,333 ambao dalili yao ilikuwa kuhema mbio peke yake. Baadhi wakapewa sindano za penisilini na jentamaisini, na wengine wakanyweshwa amoksilini mara mbili kwa siku kwa siku saba. Tiba ilishindwa kwa asilimia 22 ya waliodungwa na asilimia 19 ya walionyweshwa. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaoruhusu matibabu ya namna hiyo pale ambapo rufaa haiwezekani. Na kwa watoto wenye dalili nzito zaidi, lakini wasio mahututi, sindano za jentamaisini zikaambatana na amoksilini ya kunywa. Tabibu wa mjini aweza kuyaona haya kuwa matibabu ya upungufu. Mimi nayaona kuwa ni insafu.

Mipaka ya kinywa iko, nami sitaificha. Mgonjwa atapikaye kila amezacho hana kinywa cha kutibiwa nacho. Aliyezimia, au ambaye shinikizo la damu limeanguka kwa wingi wa sumu ya vijidudu, utumbo wake haupati damu ya kutosha kufyonza kitu, naye astahili mshipa mara moja, kwa kuwa saa moja ya kuchelewa humdhuru. Uti wa mgongo na utando wa ubongo nao hudai dawa kwa wingi ambao vidonge vingi haviwezi kuufikisha. Ziko dawa zisizovuka ukuta wa utumbo kabisa, mathalani vankomaisini, ambayo ikimezwa hutibu utumbo wenyewe tu na wala haigusi jipu la mfupani. Na zipo zinazovuka vizuri lakini hukamatwa njiani: siprofloksasini ikimezwa pamoja na maziwa, au vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, au dawa ya kiungulia, hushikamana na madini hayo tumboni na sehemu kubwa hutoka chooni; mgonjwa huyo atasema kidonge ni dhaifu, kumbe hakikupata nafasi.

Wepesi wa kidonge una gharama nyingine, ambayo katika Afrika ya Mashariki twailipa kila siku. Sindano hulazimu kuwapo muuguzi. Kidonge chataka tu duka na shilingi. Mtu mwenye homa huchukuliwa tone la damu katika maabara ndogo ya mtaani, kipimo cha Widal, ambacho asili yake ni mwaka 1896, hufanywa mara moja, na jioni huambiwa ana malaria na taifodi kwa pamoja. Kipimo hicho huonyesha kinga ya mwili, si kijidudu chenyewe, na kinga hiyo huweza kuwa ya maradhi ya zamani, ya chanjo, au ya maambukizo mengine. Kuotesha damu katika maabara ndio ushahidi, ingawa nako huwakosa takriban nusu ya wagonjwa wa kweli. Hivyo maelfu humeza sipro kwa homa zisizo za matumbo, na vijidudu vilivyo mwilini mwao, vya kila aina, hupewa darasa la bure.

Matunda ya darasa hilo yamekwisha kuonekana. Nairobi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ilienewa na homa ya matumbo isiyosikia kloramfenikoli, ampisilini wala kotrimoksazoli, yaani dawa zote tatu za kale za kumeza. Kasese, magharibi mwa Uganda, iliona mwaka 2008 na 2009 wagonjwa wengi waliofikishwa hospitali utumbo ukiwa umekwisha kutoboka, kama ilivyokuwa kabla ya Kuala Lumpur. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2016, katika mji wa Hyderabad wa jimbo la Sindh nchini Pakistan, kikatokea kizazi cha kijidudu hicho kinachozikataa dawa hizo tatu, na siprofloksasini, na pamoja nazo seftriaksoni, sindano ambayo matabibu waliitegemea kuwa kimbilio la mwisho. Hapo yaonekana wazi kuwa usugu haumchi mwenye sindano zaidi ya mwenye kidonge. Mwaka 2019 Pakistan ikawa nchi ya kwanza kuitia chanjo mpya ya homa ya matumbo katika ratiba ya watoto wake.

Kwa mgonjwa wa aina hiyo ya Sindh, dawa ya kinywani iliyobaki ni moja, azithromaisini, iliyogunduliwa Zagreb mwaka 1980. Ikiasiwa nayo, matibabu ya homa ya matumbo yatarudi wodini, mshipani, kwa dawa za jamii ya karbapenemu, ambazo bei yake ni kubwa na ambazo zahanati ya kijijini haina.